Mwaka Nilikuwa Kinywa ya Munganga

Mwezi uliopita Docteur Ailini alirudi Bunia, na batoto yangu balimuangalia sawa vile banaangalia mutakatifu wa picha ametoka ku ukuta ya kanisa akaja kukaa ku kiti yetu. Zaidi ya miaka kumi ilishapita. Wakati aliondoka alikuwa musichana mwembamba, nywele nyekundu kama udongo ya barabara ya Mahagi. Sasa mvi imeingia pembeni, na kwa kupanda ngazi mbili tu ya nyumba yetu ya Shari alishika magoti. Nikamwambia amezeeka. Yeye aliangalia tumbo yangu, polepole, kama vile alikuwa anaangaliaga bamama ya mimba ku consultation, akaniuliza iko ya miezi ngapi. Muke wangu Furaha alicheka mpaka akaweka sahani chini, juu hakuna kitu anapenda kupita mugeni wa kunitukana kwa Kifaransa. Tulimupatia bugali, ndakala, samaki ndogo ya Kasenyi, na mboga ya lenga-lenga. Alikula na mukono, alisafisha sahani, aliongeza. Njo hapo mutoto yangu mukubwa akauliza: Papa, huyu mama mulijuana naye wapi? Furaha akamwambia, muulizeni leo, juu koko yenu iko kwake Ngezi, hatasikia. Koko yabo ni mama ya Furaha, ni kusema mama mukwe yangu. Na batoto balikuwa na haki ya kuuliza, juu bila ule mwaka ya Docteur Ailini, beye bote haba bangekuwa batoto ya mutu mwingine, pengine bazuri zaidi.

Nianze na miye, ni kitu kidogo, itaisha haraka. Nilikuwa motard, mwenye kubeba batu ku moto, ni kusema pikipiki. Masomo niliacha mu quatrième ya sekondari, katikati ya conjugaison, ile ya nyakati ya Kifaransa: mambo ya jana mwalimu alishatufundisha, mambo ya kesho alikuwa hajafika, njo maana mpaka leo Kifaransa yangu inajua kusimulia lakini haijui kuahidi. Kisha masomo nilienda Kilo kutafuta zahabu kama bavijana bote. Nilichimba, nilichimba, nikapata malaria. Nikarudi Bunia kuendesha moto ya mutu, na siku moja ku aerodrome, kiwanja ya ndege, nikaona ule muzungu amesimama na sakosi mbili ya nguo, jua inamupika, hakuna mutu alikuja kumupokea. Bamotard bengine balimukimbilia na kelele. Miye nilimukaribia na Kifaransa. Yeye pia akajibu na Kifaransa, ile ya Irlande, na tukaanza kuangaliana kwa huruma, kila mutu anawaza mwenzake iko mugonjwa. Yake ilikuwa imevunjika upande wa kushoto, yangu upande wa kuume. Lakini tukiiweka pamoja ilitoa Kifaransa moja nzima. Mpaka kufika ku centre de santé, kituo ya afya, kule Shari alishaniambia jina yake na ya mama yake. Mama Vero, infirmière, muuguzi mwenye kuongoza ile centre, alikuwa ku mulango. Alisikiliza mazungumzo yetu kidogo, akanifuata ku moto, akaniambia: "Weye, kesho uje. Bila weye huyu mutoto atatuulia batu."

Ni vile nilipata kazi ya kuwa kinywa. Batu balinipatia jina kabisa, Kinywa, na mpaka leo kuko bamama ku soko ya Bunia habajui kama ninaitwa Pascal. Nilikuwa nasimama kati ya munganga na mugonjwa, na nilijifunza haraka kama maumivu ya batu yetu haitafsiriki kirahisi. Mama anakuja anasema kichwa inatembea. Muzee anasema moyo inaruka inarudi inakaa. Mwingine anasema mwili yote haimujui tena. Docteur ananiangalia anangoja. Miye naanza kutoa jasho, na mwisho naonyesha na mikono, naruka, nakaa chini, na bagonjwa banasahau kuumwa juu ya kutazama. Mama Vero alikuwa anasema nusu ya bale banapona, ni miye nilibaponesha, tena bila diplome.

Kitu moja batu habakuelewa ni sababu gani Docteur alikuja. Ku veranda ya centre, pale bamama banakaa asubui na batoto ku mugongo, mambo yake ilizungumuzwa kila siku kama bei ya mafuta. Moja anasema alikimbia bwana. Mwingine anasema apana, mbona hana alama ya bwana, alifukuzwa ku kazi, pengine aliiba dawa. Mwisho balinituma nimuulize. Docteur akanieleza bila kuficha: kwabo, ukimaliza masomo ya unganga, banakutia mu hopitali kubwa na unakimbia mchana na usiku miaka na miaka, mpaka siku moja alilala amesimama ndani ya ascenseur, ile kasanduku inapandisha batu juu ya nyumba, na ilimupandisha ikamushusha bila yeye kuamka. Njo aliomba mwaka moja ya kupumzika. Bakubwa yake balimwambia akienda atabaki nyuma ya benzake. Akaenda. Nikarudi ku veranda kuleta habari: munganga iko mu mapumziko. Halafu mama moja mwenye pacha akauliza: "Anapumzika na kazi gani?" Nikasema na kazi ya unganga. Akauliza tena: "Na ile anaipumzikia ni gani?" Nikasema ya unganga. Balicheka mpaka batoto baliamuka bote. Mama Vero akasema yeye pia akichoka ataomba mwaka, ataenda Irlande kudunga batu yabo shindano.

Alikuwa analala kwa Mama Vero, mu chumba ya pembeni ya parcelle, kiwanja ya nyumba yake, chumba yenye kitanda, chandarua, na dirisha moja inaangalia jiko. Ilikuwa zawadi ile dirisha, juu maneno yote ya Bunia inapita ku jiko ya Mama Vero. Jioni miye nilikuwa namurudisha na moto, na Mama Vero hawezi kuacha mutu aondoke bila kula, basi tunakaa ku mikeka, tunakula sombe, majani ya muhogo, na wali, ao makayabu, samaki ya chumvi, siku ya mushahara, na Docteur anauliza: huyu anasema nini, na huyu, na sababu gani banacheka. Siku moja, akimenya karanga, alituambia hajui kama akirudi kwabo ataendelea na ile kazi. Alisema anaogopa alishakuwa mashini. Mama Vero alimuongezea sombe tu. Miye nilitafsiri ile sombe: nilimwambia Mama Vero anasema ule kwanza.

Lakini mambo yangu miye ule mwaka ilikuwa moja tu, na jina yake ilikuwa Furaha. Alikuwa anauza ndakala, anaenda kuzikamata Kasenyi ku ziwa, anarudi nazo Bunia. Familia yabo ni Bahema ya Ngezi, batu ya ng'ombe na ya kanisa. Siye kwetu ni Mahagi, Baalur, Bakatolika ya kukaa ku benchi ya mbele, lakini mambo ya ng'ombe, ya kwetu ilikuwa ile inapita barabarani, na mwenyewe ni mutu mwingine. Nilishapeleka bazee yangu kwabo kwa présentation, kunitambulisha, na kinywaji, na balibapokea. Kupokea haiko kukubali. Baba mudogo ya Furaha, Byaruhanga, ndugu ya marehemu baba yake, njo alikuwa anaamua. Alituambia mbele ya bote kama bataangalia kwanza huyu kijana, juu mutu mwenye kazi yake ni kinywa, heshima anaiweka wapi? Basi nilikuwa mu kuangaliwa. Mambo ya dot, mahari, ya kuhesabu ng'ombe, haitaanza mpaka Byaruhanga aone kama nina heshima. Na heshima ya mukwe, kwetu na kwabo, iko mahali moja: kwa mama mukwe.

Hapa kwetu, ukishapeleka bazee, mama ya musichana anakuwa kwako kama altare. Humushike mukono. Humukulie mbele. Humukutane mu njia nyembamba. Mambo ya mwili yake, weye usijue hata kama anapata mafua. Jina yake Mama Mugisa, mama mukubwa, mweupe kidogo, mwenye kutembea polepole na kitambaa ku kichwa, na ninaapa Bunia ilikuwa imejaa yeye. Nikienda soko, Mama Mugisa iko kwa nyanya. Nikienda misa, ule Muprotestanti anapita mbele ya kanisa yetu. Siku moja nilikuwa na abiria nyuma, muzee na mbuzi yake, nikamuona anatoka ku kona. Nilikata moto pale pale, nikaingia mu muferezi, siye bote tatu. Mbuzi peke yake njo hakulaumu. Mama Mugisa alipita na uso upande, kama hajaona kitu, na nikiwa ndani ya maji nilifurahi kabisa: aliona vile ninamukimbia. Furaha aliniambia kisha, mama anasema huyu kijana anaanguka vizuri.

Halafu ikafika ile siku. Mama Vero alikuwa ameenda na chanjo ku bijiji, na benzake bote. Ku centre tulibaki Docteur, miye, na sentinelle, mulinzi ya mulango. Furaha iko Kasenyi. Kukakuja moto ya motard moja, na ku moto kulikuwa Byaruhanga, na nyuma yake, amekunjamana, Mama Mugisa. Niliruka ukuta ya choo kabla moto izime. Nikiwa kule nyuma nilisikia yote: anatapika tangu jana, tumbo imevimba, hataki kuzungumuza. Docteur akamuingiza mu chumba ya consultation na akafunga mulango, juu yeye pia alikuwa na desturi yake, kwabo mugonjwa na munganga banabaki babili. Bamama ya veranda balitaka kuingia kusaidia. Mama Mugisa mwenyewe akakataa, ndani ya maumivu yake akasema hataki maneno ya tumbo yake ifike ku soko mbele yake. Byaruhanga yeye alienda kukaa mbali chini ya parasol, mwavuli ya sentinelle, na akageuza mugongo, juu mambo ya mwili ya muke ya kaka yake, hata yeye haiko ya kusikia. Halafu nikasikia Docteur anaita: Pascal. Pascal. Pascal.

Nikaenda chini ya dirisha, nikachuchumaa, nikanong'ona ku Kifaransa: Docteur, sifike, ni mama mukwe. Alijua ile neno, nilishamueleza, aliicheka mara mingi. Siku ile hakucheka. Alijaribu peke yake. Kiswahili yake ilikuwa ya "pumua" na "inauma wapi", na ile swali alikuwa nayo sasa, miye sikukuwa nimemufundisha, juu nilikuwa ninamufundisha maneno ya heshima tu. Alitaka kujua kama Mama Mugisa alishatoa upepo wa nyuma tangu jana. Ni swali ya kweli, ya ku masomo: kama tumbo imefungwa, haitoe kitu, hata hewa. Alipokosa neno, akafanya na mudomo: prrrr. Akafanya tena, nguvu: prrrrrr. Nikasikia sauti ya Mama Mugisa, ndogo, yenye kuchoka: "Ndiyo, mutoto yangu, tulikuja na moto."

Docteur akatoa kichwa ku dirisha, uso mweupe kama chokaa. Aliniambia polepole, na Kifaransa ya pande zote mbili, kama kuko kitu ngumu chini ya tumbo ya huyu mama, ku mapaja, inaonekana aliificha miaka, na kama utumbo imekamatwa pale ndani, hana siku mbili. Anahitaji kujua saa hii. Niliangalia upande wa Byaruhanga: mugongo yake ilikuwa pale, pana kama mulango ya magereza. Nikiingia, Furaha amekwisha. Nisipoingia, mama ya Furaha amekwisha, na miye nitaoa namna gani mutoto ya mama nilimuacha afe juu ya adabu? Nilikaa pale chini ya dirisha nikichanganya ile mambo, na hesabu haikuwahi kuwa kitu yangu. Halafu nikaona motard mwenye kubaleta, amelala juu ya moto yake, na ku mukono ya moto kuko casque, ile kofia ngumu ya kufunika kichwa yote, kioo ya mbele nyeusi. Mu Bunia motard mwenye casque ni kama kuku mwenye viatu, unapata moja kwa mwaka. Sikumuomba. Niliitwaa, nikaivaa, nikashusha kioo, na nikaingia ku chumba kwa mugongo, matako mbele, mpaka nikagonga armoire, kabati ya dawa. Nikasimama pale, naangalia ukuta, sioni kitu.

Ndani ya casque nilisikia pumzi yangu kama ng'ombe iko mu pipa. Docteur akauliza swali, miye nikaipeleka ku ukuta, na heshima yote ninajua: nikasema, kama kuko mama mu hii chumba, munganga anaomba kujua, bila kukosea mutu adabu, kama tangu jana tumbo yake ilishatoa ile kitu batu banatoa banapokuwa peke yabo. Nilingoja. Nilitaka ukuta ifunguke inimeze. Halafu nyuma yangu Mama Mugisa akasema: "Sijue ni nani anaongea. Lakini ajue kama tangu jana asubui, hata moja."

Kutoka pale ilienda haraka. Docteur aliuliza, casque ikauliza, mama akajibia casque. Ile uvimbe iko tangu wakati gani? Tangu kuzaa mutoto wa mwisho. Aliambia nani? Aliambia Mungu. Inarudi ndani ukiisukuma? Ilikuwa inarudi, jana ikakataa. Docteur akasema njo ile, ni hernie, utumbo imetoka ku tundu na imenyongwa, apelekwe ku hopitali kubwa apasuliwe leo. Nikatafsiri. Mama Mugisa akasema apana. Akasema iko muzee, bampeleke nyumbani, kama ni kufa afie ku kitanda yake, asipasuliwe kama mbuzi mbele ya bavijana. Docteur alisema, mwambie atakufa. Nilimwambia atakufa. Akasema nimesikia. Docteur akasema mwambie tena. Na hapo nilifanya kitu kinywa haifanyake, niliongea yangu mwenyewe. Bado naangalia ukuta, nikasema: "Mama, ukienda weye, ni Baba mudogo peke yake atabaki kuamua mambo yangu. Uhurumie casque."

Nilisikia kitu kama kikohozi. Alikuwa anacheka, na ilikuwa inamuumiza, anacheka na anasema ayi, ayi. Kisha akaniambia nimwambie huyu mutoto mwekundu atafute gari. Docteur akaniuliza nilimwambia nini. Nikajibu nilitafsiri.

Wakati natoka, kwa mugongo tena, nilitoka vizuri mpaka ku kizingiti, na pale nilianguka chali, casque ikagonga simenti, ngo. Nilipofungua kioo, mbingu yote ilikuwa Byaruhanga. Alikuwa amesimama juu yangu. Alinitazama, akatazama mulango, akatazama tena miye. Alienda kusaidia kubeba Mama Mugisa.

Ku hopitali munganga wa kupasua alikuwa muzee Mukongomani wa kusema kidogo, akamuangalia Docteur Ailini akamuuliza kama anajua kunawa mikono ya kupasua. Aliingia naye. Baliendelea mpaka jua ikapotea. Familia ilishafika yote na masufuria, unajua kwetu mugonjwa haende hopitali, ni mutaa inaenda: mikeka mu kiwanja, makala, bugali, shangazi moja wa kuomba na mwingine wa kugombana na sentinelle. Furaha alitoka Kasenyi na kitunga ya ndakala bado ku kichwa. Miye nilikaa inje ya portail, lango ya hopitali, mahali ya mukwe, katikati ya barabara na ukuta, na Furaha alikuwa anakuja kunipa habari ku tundu ya portail kama padri ku confession. Docteur alipotoka, nguo imelowa, alikaa chini ku mikeka na bale bamama bila kuulizwa, balimupa bugali, akala yote. Alikuja kisha kunitafuta inje. Aliniambia utumbo ilikuwa bado nzima, balifika saa ilibaki kidogo tu. Alikuwa anacheka peke yake sawa mulevi. Aliniambia alisimama masaa yote ile na hakukumbuka kama anachoka.

Lakini haikuwa mwisho. Kisha kupasuliwa, banganga banangoja kitu moja ya kujua kama tumbo imerudi ku kazi, na ile kitu ni ile ile. Basi familia yote ya Ngezi, batu ya ng'ombe na ya kanisa, ilikaa mu kiwanja ikingojea Mama Mugisa ajambe. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili, shangazi wa kuomba aliongeza sala. Bageni bakifika na matunda, banauliza habari, banaambiwa bado, nabo pia banakaa kungoja. Nilimuona Byaruhanga anatembea ku kiwanja, mikono nyuma, kama bwana mwenye muke iko mu kuzaa. Siku ya tatu, jua kali, nilisikia ndani kelele ya bamama, bigelegele, masufuria inapigwa, na Furaha anakimbia ku portail na machozi, anasema imetoka, Pascal, imetoka. Mama moja aliyekuwa anapita na ndizi akasimama kutupongeza. Akauliza ni muvulana ao musichana.

Wiki tatu kisha, familia ilituita Ngezi. Nilijua ni hukumu. Nilienda na muzee Ukumu, wa kwetu Mahagi, mwenye kuwa anaongea kwa ajili yangu mambo ya ndoa, na Docteur Ailini alikuja juu baliomba aje, balimuweka ku kiti ya vitambaa na balimupa maziwa kikombe kubwa. Mama Mugisa alikuwa ndani ya chumba, nyuma ya pazia, sawa inavyotakiwa. Byaruhanga alianza na sala, halafu akashukuru munganga, akashukuru Mungu, akaniacha miye. Kisha akasema sasa kuko swali. Hii familia iko na adabu yake. Kijana aliambiwa anaangaliwa. Na yeye, kwa macho yake, aliona mutu anatoka mu chumba ya mama mukwe, anatoka kwa mugongo, anaanguka. Mutu mwenye kujua mambo ya tumbo ya mama, anaweza tena kuitwa mukwe? Muzee Ukumu akafungua kinywa, akaifunga. Miye niliangalia udongo. Furaha alikuwa ku mulango wa jiko, na kijiko ya mbao, hata hakuwa anaikoroga.

Byaruhanga akageukia pazia. "Mama Mugisa, mwenye kujua ni weye. Huyu kijana aliingia ao hakuingia?"

Halafu ku pazia ile sauti ya polepole ikasema: "Kuliingia casque."

"Na ndani ya casque kulikuwa nani?"

"Miye nilikuwa ninakufa, shemeji. Sikufungua kofia ya batu. Weye uliyekuwa muzima, ukakaa mu kivuli na mugongo, kama unataka kujua nani aliniokoa, uende umuulize. Lakini ukimupata, umuletee hapa, juu niko na binti."

Shangazi wa kuomba alisema amina kabla ya kujizuia. Byaruhanga alikaa. Aliangalia mikono yake, aliangalia paa, na nikaona ku kona ya mudomo yake kitu inapigana kutoka na yeye anaikataza. Mwisho alikohoa, akamwambia muzee Ukumu kama maneno ile imekwisha, kwa hiyo tuingie mambo ya ng'ombe. Na akataja hesabu yake, na ilikuwa hesabu ya kushangaza, hesabu ya mutu anatafuta kurudisha heshima yake yote siku moja. Docteur akaninamia kuniuliza balisema nini. Nilitaka kumujibu, lakini meno yangu yote ilikuwa inje, sikuweza kuirudisha. Muzee Ukumu akanipiga teke chini ya meza, akaninong'oneza Kialur nifunge ule mudomo haraka, bakiona vile ninafurahi bataongeza. Byaruhanga alishaona. Aliongeza ng'ombe moja.